Nauli ya Sanduku Tupu

Bila shaka ninyi nyote mmepata kuulizwa swali lile la watoto: kipi kizito, kilo moja ya pamba au kilo moja ya chuma? Mimi nalilijua jibu lake tangu darasa la pili, na kila mdogo wangu aliposema chuma nalimcheka sana. Basi mwaka 2024, wakati wa likizo, pamba ilijilipiza kisasi kwangu mbele ya wazee 18.

Mjomba wangu hupiga besi katika chama kimoja cha taarabu hapa Unguja. Besi ninayoitaja si gitaa. Ni ile jamaa ya fidla, kubwa kupita zote, ambayo mpigaji huisimamisha chini na kuikumbatia, na kichwa chake hupita kichwa cha mwenyewe. Mtu akiiona hudhani ni ngumu kama kabati. La, sivyo. Ubao wa tumbo lake una unene wa milimita chache tu, na ndani mna hewa. Ndiyo maana hulia. Mwaka 2023, waliporudi kutoka Pemba kwa boti, besi ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na abiria mmoja akaiegemezea gunia la nazi. Ufa uliotokea ulikuwa mrefu kama mkono wangu. Fundi aliuziba kwa gundi, lakini mjomba akaapa ya kwamba besi ile haitavuka bahari tena bila ya sanduku gumu.

Tulilitafuta sanduku la namna hiyo madukani tusilipate. Ndipo ilipokuja barua ya Mjerumani mmoja wa Hamburg, aliyepata kukaa nao na kujifunza taarabu, kusema ya kuwa ameuza besi yake na sanduku limebaki. Anatupa bure, ila nauli tulipe wenyewe.

Mjomba akaniita. Nilipokwisha kumwamkia akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hebu nipigie hesabu ya mzigo huu."

Nami msomi nikapiga. Wakala wa mizigo ya ndege alikuwa amenitajia kwa simu dola 4 kwa kilo. Mjerumani alikuwa ameandika ya kwamba sanduku lina uzito wa kilo 14. Mara 4 ni dola 56. Hesabu haikunichukua hata dakika moja. Mjomba akawaeleza wenzake, nao kila mmoja akatoa shilingi 10,000, jumla 180,000. Mzee mmoja mpiga kanuni alitoa zake kwa noti za elfu moja moja, akizihesabu mara mbili kabla hajaziachia. Mimi nalikuwa nimekaa kando, na kwa kweli nalijiona mtu mkubwa.

Baada ya siku tatu wakala akauliza jambo ambalo sikulitazamia: marefu ya sanduku, mapana yake na kimo chake. Nikampelekea: sentimita 205, 75 na 55. Hati ya malipo iliporudi ilikuwa ya dola 564, yaani karibu shilingi milioni moja na nusu.

Nilidhani mwandishi amekosea tarakimu. Nikapiga simu kwa hasira, nikasema sanduku ni tupu, halina hata uzi mmoja ndani. Karani akanijibu kwa upole ya kwamba hilo analijua. Katika ndege, alisema, mzigo hupimwa mara mbili. Kwanza huwekwa kwenye mizani. Kisha marefu huzidishwa kwa mapana na kwa kimo, na jawabu hugawanywa kwa 6,000. Ile namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili ndiyo hulipiwa. Wale wapelekao vifurushi mpaka mlangoni hugawanya kwa 5,000, kwa hiyo kwao ingekuwa ghali zaidi.

Usiku ule nilichukua karatasi. 205 mara 75 mara 55 ni sentimita za ujazo 845,625. Gawanya kwa 6,000, unapata 141. Sanduku letu la kilo 14 lilihesabiwa kama mzigo wa kilo 141! Nikaendelea kufikiri. Kilo moja ya maji huchukua sentimita za ujazo 1,000. Basi kitu chochote kilicho chepesi kuliko maji zaidi ya mara sita hulipiwa nafasi yake, wala si uzito wake. Tena sanduku la besi lina mabega, lina kiuno, lina shingo nyembamba, lakini hupimwa kama kasha la pembe nne, hata pale penye hewa ya nje kando ya shingo. Mwanzoni nililiita jambo hili wizi. Lakini ndege iliyojazwa masanduku matupu hushindwa kupokea mzigo mwingine na hali bado ni nyepesi, na mafuta yake lazima yalipwe. Katika daladala pia mtu mwembamba na mtu mnene hulipa nauli moja, kwa kuwa kila mmoja amekalia kiti. Wakala hakunidanganya. Alinitajia bei ya kilo, nami sikumwuliza kilo ipi.

Kesho yake ilinibidi nisimame mbele ya wazee. Magoti yalinitetemeka kuliko siku ya mtihani. Nikasema kosa ni langu na fedha zao zipo zote. Hapana aliyenigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Kisha nikawaeleza habari za meli, niliyoiuliza asubuhi ile: huko meta moja ya ujazo huhesabiwa sawa na tani moja, na mzigo mdogo kama wetu, ijapokuwa haukutimia meta moja, hulipa meta nzima.

Mzee wa kanuni akauliza, "Kwa hiyo tukilipa, tuna ruhusa ya kutia kilo ngapi?"

Nikasema, "Elfu moja, babu."

Akasema, "Basi kwa nini tuilipie nauli hewa ya Ulaya? Upepo hapa haujatupungukia."

Wote wakacheka, hata mimi. Chama kingine cha taarabu kilikuwa kimetunukiwa chelo huko huko Ujerumani na kimekosa njia ya kuileta. Wakapatana kugawana gharama nusu kwa nusu. Mjerumani akailaza chelo ndani ya sanduku la besi, akaizungushia mablanketi, na penye nafasi akatia fidla mbili na nyuzi. Mimi nikapewa kazi ya kuandika orodha ya vitu vyote kwa ajili ya forodha. Nililijua lile kuwa adhabu yangu, nikaifanya vizuri.

Meli ilikawia. Mwaka ule meli nyingi zitokazo Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuhofia mashambulizi katika Bahari ya Shamu. Nauli ya bahari ilikuwa dola 120, lakini malipo ya bandarini yalifika 170, na hayo nalikuwa nimeyauliza mapema, kila moja kwa jina lake. Nusu yetu ikawa dola 145. Wazee wakachanga tena, shilingi 12,000 kila mmoja.

Hapo Malindi wenzetu walichukua chelo yao na fidla zao, na sanduku likabaki tupu kama lilivyokuwa Hamburg. Hamali mmoja akaja na gari lake la mkono. Akaliinua upande mmoja kwa mkono mmoja, akacheka kwa wepesi wake. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama toka juu hata chini.

"Gari zima," akasema.

Mjomba akanigeukia, akingoja nibishane naye. Nikatoa fedha mfukoni mwangu, nikalipa.