Kati ya kitabu na sinema, kipi hukumbuka zaidi?

Mpenzi msomaji, bila shaka nawe umewahi kuulizwa swali hili na wanao: kuna haja gani ya kusoma kitabu kizima ilhali sinema yake ipo, nayo huisha kwa muda wa saa mbili? Mimi huulizwa kila likizo. Walio wengi hujibu upesi kwamba kitabu ni bora siku zote, kisha wakaendelea kutazama runinga. Jibu hilo ni jepesi mno, na watoto hulijua kuwa ni la kukwepa. Leo nataka tulipime swali lenyewe kwa kitabu kimoja na sinema yake moja, nikiwa hapa Garissa ninakoishi na kufundisha, kwa maana hapa kitabu hicho kina uzito ambao mwandishi wake hakuuota.

Kitabu ninachokusudia ni Nineteen Eighty-Four, yaani mwaka 1984, cha Mwingereza George Orwell. Kilichapishwa Juni 1949. Orwell alikiandika akiugua kifua kikuu katika kisiwa cha Jura huko Scotland, na Januari 1950 maradhi hayo yakamuua. Kinasimulia habari za nchi ya kubuni ambamo chama kimoja kimetwaa kila kitu. Kila ukutani pana picha ya Kaka Mkubwa, na majumbani mna runinga ambayo inakutazama wewe kama unavyoitazama.

Winston Smith ni karani katika Wizara ya Ukweli. Kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yalingane na yale chama kinayosema leo. Mtu akiangamizwa, jina lake hufutwa kila lilipoandikwa, ikawa kana kwamba hakuzaliwa. Karatasi ya awali hutupwa katika tundu lililo ukutani, ikaenda kuteketea katika tanuu. Chokoleti hupunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki, na siku ya pili yake watu huandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuipandisha hadi 20. Winston anaanza kuandika daftari la siri, anapendana na mwanamke aitwaye Julia, wanakamatwa, na mateso yanamvunja hadi hajui tena mbili na mbili ni ngapi.

Sasa sinema. Zimetengenezwa zaidi ya moja, lakini ile ninayoizungumzia ni ya Michael Radford, iliyotoka mwaka huo huo wa 1984. Ilipigwa London na viunga vyake kati ya Aprili na Juni 1984, miezi ile ile ambayo Orwell aliitaja kitabuni. John Hurt ndiye Winston, na Suzanna Hamilton ndiye Julia. Richard Burton, akiigiza mtesaji O'Brien, alikuwa katika kazi yake ya mwisho ya sinema. Alifariki Agosti mwaka huo kabla haijaonyeshwa. Rangi zake zimefifishwa makusudi, kila kitu kikawa na rangi ya vumbi na majivu.

Je, sinema inashinda wapi? Inashinda mwilini. Orwell anakuambia kwamba Winston amekonda, nawe unasoma na kupita. John Hurt anapovuliwa shati na kusimama mbele ya kioo, unahesabu mbavu zake, na chai uliyoishika inapoa mkononi. Isitoshe, Burton hapigi kelele hata kidogo. Anasema kwa upole kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi mzito, na upole huo unatisha kuliko kiboko. Nilikuwa nimekisoma kitabu mara mbili, lakini sauti ya O'Brien sikuisikia vile mpaka nilipoitazama sinema.

Na kitabu kinashinda wapi? Kinashinda kichwani. Ndani ya kitabu unaketi na Winston mezani pake, unamwona akibuni mtu ambaye hajawahi kuwako na kumpa sifa za ushujaa gazetini, na unashtuka kugundua kwamba kazi hiyo anaifurahia. Ndilo jambo la kutisha zaidi: mwongo si jitu lenye pembe, ni karani mwenye kipaji anayependa kazi yake safi. Sinema inalipitia jambo hili haraka, kwa kuwa kamera haiwezi kukaa ndani ya kichwa cha mtu kwa kurasa kumi.

Miisho nayo inatofautiana, na hapa nakuomba uwe makini. Kitabu kinamaliza bila shaka yoyote: Winston amemkubali na kumpenda Kaka Mkubwa. Katika sinema anaandika mezani, juu ya vumbi, mbili na mbili, lakini jibu halijazi. Mwishoni ananong'ona neno la mapenzi, na mtazamaji haambiwi kama analisema kwa Kaka Mkubwa au kwa Julia aliyekwisha ondoka. Waweza kudhani basi kwamba sinema ndiyo yenye tumaini. La hasha. Nyuma kabisa ya kitabu kuna nyongeza inayoeleza lugha ya chama, nayo imeandikwa kwa wakati uliopita, kama msomi anayeeleza jambo lililokwisha kufa. Wasomaji wengi wameona hapo ishara kwamba utawala ule ulianguka na mtu akabaki wa kuuandika. Sinema iliiacha nyongeza hiyo. Kwa hiyo sinema iliweka tumaini katika moyo wa mtu mmoja, hali kitabu kiliweka tumaini katika maandishi.

Msomaji wangu, hebu sasa tuvuke kutoka London tuje huku kwetu. Mwaka 1984 si wa kubuni katika Kaskazini Mashariki. Kuanzia tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika sehemu za Wajir na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Walizuiliwa siku kadhaa juani bila maji, wakavuliwa nguo, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Jamii ilitaja mamia, na wako wanaotaja maelfu. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alisaidia kuokota maiti na majeruhi, na kusaidia habari zitoke nje. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotolewa mwaka 2013, ilikuwa imepita miaka 29.

Garissa yenyewe ina kisa chake. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakakaa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wazee huyaita Garissa Gubai, Garissa iliyoungua. Haya yote yalitokea chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 na kuondolewa mwaka 1991. Mimi kwetu ni Madogo, ng'ambo ya pili ya daraja la Mto Tana, na tangu utotoni nilisikia watu wa upande huu wakisafiri kwenda Nairobi husema kwamba wanakwenda Kenya. Nilidhani ni mzaha. Nilipoelewa sababu, sikucheka tena.

Nina jirani, mzee mwenye umri uliopita miaka 70, ambaye alihamia Garissa kutoka Wajir. Ndugu yake mkubwa alichukuliwa Februari ile, hakurudi. Wanangu humwita Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali. Jioni moja alinikuta na kijana wangu wa kidato cha nne tukiitazama sinema hiyo kwa kompyuta barazani. Nilitaka kuizima kwa heshima yake, akanikataza. Aliketi akaitazama pamoja nasi, kijana akimfasiria, na sehemu za kuona haya tukazirukisha.

Ilipokwisha alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, huyu Mzungu walimpata kwa sababu alikuwa na daftari. Sisi hatukuwa na daftari. Wangechoma nini?"

Akaanza kuyataja majina ya wanaume waliochukuliwa pamoja na ndugu yake. Wasomi wa mila za Kisomali wanajua abtirsi, ule ukoo ambao mtoto hufunzwa kuutaja kwa ulimi, baba, babu na baba wa babu, hadi mbali. Mzee alimtaja kila mmoja kwa njia hiyo: fulani bin fulani bin fulani. Nilihisi kwamba nimepata jibu ambalo Orwell hakulipata. Chama cha Winston kiliweza kufuta kwa kuwa kumbukumbu yote ilikuwa katika karatasi. Huku ilikuwa katika vinywa, na kinywa hakitupwi katika tundu la ukuta.

Lakini alipofika mtu wa tisa, mzee alinyamaza. Alifumba macho, akagusa kidole chake, akarudia la nane. La tisa halikuja. Kijana wangu akamwuliza kwa adabu, "Adeer, umeyaandika mahali popote?" Akajibu, "Nani angeyasoma?" Sote tuliokuwa pale hatukuweza kumsaidia, maana hakuna mwingine aliyelijua jina hilo. Yule mtu wa tisa alikuwa amefutika barazani pangu, bila wizara wala tanuu, kwa umri tu.

Siku ile nilifahamu ni kwa nini swali la kitabu na sinema si la mchezo. Wakazi wa Kaskazini Mashariki tayari wanavyo kitabu na sinema vya mwaka wao wa 1984. S. Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway mwaka 2007, na mtengenezaji filamu Judy Kibinge akatoa Scarred mwaka 2015, ambamo walionusurika na wajane wanazungumza wenyewe. Hivi si vya kubuni kama cha Orwell, lakini vimegawana kazi kwa namna ile ile. Kitabu kinapanga matukio, nani aliamuru na nani alikaa kikao gani, mambo ambayo kamera hayawezi. Sinema inakuonyesha uso wa mjane anapotulia kabla ya kujibu, na utulivu huo hakuna kalamu inayouandika.

Isitoshe kitabu hufika pasipo na umeme. Hapa Garissa ndipo huduma ya maktaba ya taifa ilipoanzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996, masanduku ya vitabu yakafungwa mgongoni mwa ngamia na kupelekwa kwa watoto wa wafugaji. Mtoto akisoma chini ya mgunga anaweza kusimama kwenye ukurasa mmoja siku nzima na kumwuliza babu yake kama ni kweli. Sinema haimngoji mtu.

Basi, mzazi mwenzangu, nakupa nasaha chache kutoka barazani pangu. Kwanza, usimkataze kijana sinema ukidhani unamlazimisha asome. Mwache asome sura chache, aitazame, kisha arudi kitabuni aone kilichoachwa. Kinachoachwa ndicho cha kuzungumziwa mezani. Pili, sinema hii ya Radford si ya watoto wadogo. Ina mateso makali na utupu. Ni ya kijana aliyekomaa, na uitazame naye. Tatu, kikiisha kitabu na ikiisha sinema, mwulize swali la tatu ambalo halimo katika yoyote kati ya hivyo: na kwetu ilikuwaje?

Najua wako watakaonijibu kwa methali kwamba yaliyopita si ndwele. Lakini methali hiyo ina nusu ya pili, nayo husema tugange yajayo. Mganga gani hutibu asichokitazama? Kumtaja marehemu kwa jina lake si kulipiza kisasi. Ni kumrudishia kile kidogo ambacho bado tunaweza kumrudishia.

Kijana wangu na mjukuu wa mzee wamenunua daftari la kurasa 200. Kila Ijumaa baada ya Alasiri huketi naye, nao huandika. Wamempigia simu mzee mwenzake wa Wajir, na majina manne yamepatikana ambayo hayakuwamo. La tisa bado halijapatikana. Wameliachia mstari mtupu, na nambari yake pembeni.

Kwa hiyo ukiniuliza kitabu au sinema, nitakujibu: vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Ila usichelewe kumwuliza mzee wako, maana yeye hachapishwi mara ya pili. Kanunue daftari leo, msomaji, kisha umwombe akuanzie na jina la kwanza.