Swala Asiyeruka Uzio

Wyoming niliijua kwanza kwenye hadithi za Annie Proulx, zile za Close Range (1999): upepo, ng'ombe, wanaume wagumu wa maneno. Hazikunitayarisha kwa taa za visima vya gesi nje ya mji wa Pinedale, zinazowaka usiku kucha katikati ya nyika. Mimi ni mtu wa Mtwara. Kwetu gesi haitajwi kwa sauti ya kawaida tangu 2013.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 576,851 katika jimbo zima. Manispaa ya Kinondoni peke yake inawazidi. Ardhi hiyo tupu, kama mtu atapenda kuiita tupu, hutoa makaa ya mawe kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Na ina pronghoni.

Ukimwona utasema ni swala. Wapi! Ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni twiga na okapi, habari iliyonifurahisha kuliko ilivyostahili. Anakaribia kilomita 90 kwa saa, lakini uzio wa kawaida wa ng'ombe unamshinda: ni nadra aruke, hutafuta pa kupenya chini ya waya. Kila vuli wapo wanaotoka Grand Teton kwenda bonde la Green River, zaidi ya kilomita 150. Pale Trappers Point wanaakiolojia walikuta mifupa ya pronghoni waliowindwa miaka kama 6,000 iliyopita. Njia ni ileile. Mwaka 2008 serikali ililinda kipande kilicho ndani ya msitu wa taifa wa Bridger-Teton. Msitu ukiisha, ulinzi nao unaisha, na huko ndiko visima viliko.

Mwenyeji wangu, mama mwenye ng'ombe, alikuwa ameng'oa waya wa chini wenye miiba akaweka laini, juu kidogo, ili wanyama wapite. Mwanawe anafanya kazi visimani. Nilimuuliza anaishije na yote mawili. Akacheka: wanawe wote wamesomeshwa na kodi ya gesi na makaa, maana jimbo halitozi kodi ya mishahara.

Usiku mama yangu akapiga simu kutoka Mtwara. Sikumwambia habari za wanyama, nilimwambia kuna gesi.

"Na barabara je?"

"Zipo, mama. Shule pia."

"Basi waulize walifanyaje, usirudi na picha tu."

Nikauliza. Jibu liko kwenye katiba yao: mwaka 1974 wapiga kura waliridhia mfuko wa kudumu wa kodi ya madini. Mtaji haguswi na mtu, hutumika faida tu. Nilimsomea mama kwa simu, pole pole, nikitafsiri. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekata.

"Na hao wanyama," akasema mwishoni, "mfuko wao uko wapi?"

Sikuwa nimemtajia mnyama hata mmoja. Kumbe aliona ile picha ya uzio niliyoweka WhatsApp asubuhi.