Tanuri la Kuba Uani Kwetu

Huenda ukastaajabu kumwona mwanafunzi wa fasihi akizungumzia matofali badala ya tamathali. Hata hivyo, kwa miezi miwili ya mwaka 2021 nilikuwa kibarua wa ndugu yangu mdogo kwetu Malindi, na kazi yetu ilikuwa kujenga tanuri la kuba la kuokea piza. Haikuwa kazi ya kupitisha wakati. Ndugu yangu alikuwa mpishi wa piza katika hoteli moja ya kitalii iliyofunga milango mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na hakuitwa tena. Malipo kidogo aliyoondoka nayo ndiyo yaliyokuwa mtaji, na mtaji huo usingetosha kujenga mara mbili.

Piza si mgeni Malindi. Waitaliano walikuwa na kituo chao cha San Marco pale Ngomeni tangu miaka ya 1960, na wengi wao wamefanya makazi mjini. Aidha, neno lenyewe tanuri tulilipokea zamani kutoka Kiarabu, sawa na kuba. Mama hulikumbuka tanuri la mofa la utotoni mwake, na ndiye aliyeuliza kwa nini tusijenge kwa mawe ya matumbawe yaliyojaa tele pwani. Fundi wetu, mzee wa makamo asiye na haraka ya maneno, alimjibu kwa upole: "Mama, hayo ndiyo waliyokuwa wakiyachoma wazee kupata chokaa." Tukaagiza matofali 150 yanayohimili moto kutoka Nairobi.

Kupanga kulituchukua muda mrefu kuliko kujenga. Ndugu yangu alitaka sakafu ya duara yenye kipenyo cha sentimita 100 na kuba ya kimo cha sentimita 50. Mdomo nao sharti uwe takriban asilimia 63 ya kimo hicho, yaani sentimita 32 hivi. Ukiwa mrefu mno, joto hutoroka. Ukiwa mfupi mno, moto hukosa pumzi, kwa kuwa hewa baridi huingia chini na moshi hutokea juu ya mdomo huo huo. Ndiyo maana dohani huwekwa mbele, nje ya kuba, wala si kileleni kama nilivyodhania.

Nilikuwa nimebeba daftari ili niunde istilahi. Halikujaa. Msingi, sakafu, mdomo, tao, timazi, mwiko: fundi alikuwa nayo yote, na pale alipokosa jina alieleza kwa sentensi moja iliyonitosheleza. Sisi wasomi hulalamika aghalabu kwamba lugha hii ina upungufu wa istilahi. Nashuku kwamba upungufu mwingine umo katika miguu yetu, isiyofika penye kazi.

Tulirundika mchanga uliolowa juu ya sakafu, tukauchonga kwa umbo la nusu tufe, tukaufunika kwa magazeti yaliyoloweshwa maji. Juu yake tukapanga nusu za matofali, safu kwa safu, tukiyaunga kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, kwani saruji ya kawaida huvunjika nguvu kwa joto kali. Kila safu ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, hadi likabaki tundu moja kileleni. Fundi alilichonga tofali la mwisho mara nne kabla ya kulikubali.

Kisha ikaja siku ya kuutoa mchanga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ndugu yangu alilala kifudifudi mdomoni mwa tanuri, akauchota kwa kikombe. Mama aliingia ndani ya nyumba, hakutaka kuona. Mimi nilihesabu ndoo ili nisiitazame kuba. Ndoo ya mwisho ilipotoka, ndugu yangu aliingiza taa, akatazama juu, akanyamaza kitambo. Hapakuwa na tofali lililosogea.

Kwa siku saba tuliwasha moto mdogo tu, tukiuongeza kidogo kidogo, ili unyevu utoke bila kupasua kuta. Siku ya nane sakafu ilifikia nyuzi 430 za Selsiasi, na piza ya kwanza ikaiva kwa sekunde 90.

Leo ndugu yangu huuza jioni, Ijumaa hadi Jumapili. Asubuhi inayofuata tanuri huwa bado na joto, na mama huoka humo mkate wa unga wa mtama. Hakubali, lakini, kuuita mofa. Mofa, asema, hubandikwa ukutani, haulazwi sakafuni. Juzi ndugu yangu aliniuliza kama matofali 20 yaliyosalia yangetosha kumwanzishia tanuri la wima kando ya lile.