Kuvuka Khor Dubai kwa Dirhamu Moja

Alasiri tulipanda abra kutoka Deira, nauli dirhamu 1 kwa kila mtu, tukavuka Khor hadi Bur Dubai. Majahazi yaliyofungwa gatini yalitukumbusha Bandari ya Kale ya Mombasa.

Katika mtaa wa Al Fahidi maduka ya vifaa vya umeme yamepangana bega kwa bega. Nasi tulibeba amana: fedha alizojinyima mama yetu apate simu ya kuonana na wajukuu. Muuzaji wa kwanza alitaja bei ya kutamanisha, lakini lakiri ya kisanduku ilikuwa imebanduliwa, na risiti hakutaka kuandika. Tulimshukuru, tukaondoka. Duka la tatu tulilipa zaidi. Simu ikawashwa mbele yetu na dhamana ikaandikwa.

Adhana ya Magharibi ilitukuta majini, mifuko mitupu, nyoyo zimetulia. Alhamdulillahi, amana imemfikia mwenyewe.