Maji Hufuata Mkondo

Methali hii husemwa mara nyingi kwa habari za tabia za watu. Mimi nataka kuitumia kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani maji yenyewe, na hasa maji ya moto yanayozungushwa ndani ya nyumba katika nchi za baridi. Wengi wetu tuna watoto wanaoishi huko, na wapo wazee, mimi nikiwa mmoja wao, ambao huitwa kwenda kusaidia kulea wajukuu. Si vibaya basi tukajua nyumba zile hupashwa joto namna gani, na joto linapokosekana, chanzo chake hutafutwa vipi.

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila inayowaka kwa gesi huyapasha moto, pampu huyasukuma kwenye mabomba mpaka vyumbani, na katika kila chumba hupita ndani ya redieta, yaani bapa la chuma lililofungwa ukutani. Yakishaacha joto lake, hurudi kwenye boila kwa bomba la pili, yakapashwa tena. Maji hayo ni yale yale mwaka hadi mwaka. Hayanywewi wala hayaogwi. Zamani, kabla pampu hazijaenea, yalizunguka kwa nguvu za maumbile tu: maji ya moto ni mepesi, hupanda; yaliyopoa ni mazito, hushuka. Mabomba ya wakati ule yalikuwa manene. Ya leo ni membamba, kwa hiyo mzunguko hutegemea mambo mawili: nguvu ya pampu na uwazi wa njia.

Januari 2019 nilikuwa Leeds, kwa binti yangu ambaye ni muuguzi. Mjukuu wangu alikuwa na miezi minne. Chumba alichotengewa, cha ghorofani mwisho kabisa, kilikuwa baridi kama pango, ilhali sebule ya chini ilitutoa jasho. Kipimajoto cha chumba kile kilionyesha nyuzi 14. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri kwamba nyumba za nchi za baridi zisipungue nyuzi 18, na kwa watoto wachanga na wazee huenda joto zaidi likahitajika. Kwa hiyo mtoto alilala na wazazi wake, na kila usiku walikuwa wakiongeza moto wa boila na gharama ya gesi, bila chumba kile kubadilika.

Fundi aliitwa. Alisimama mbele ya boila kwa dakika chache, akaisikiliza, akasema pampu imechoka na kwamba ni heri kubadilisha boila nzima. Bei aliyoitaja ilikaribia paundi 3,000. Binti yangu aliniambia, "Baba, yule ni fundi. Sisi tutabishana naye kwa elimu gani?" Nikamjibu, "Mwanangu, hatubishani naye. Tutapima kwanza, kisha tutajua tunalipia nini."

Nilizaliwa katika miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka mitoni mpaka mashambani. Mwenye shamba la mwisho akikosa maji, wazee hawasemi mara moja kwamba mto umekauka. Huufuata mfereji hatua kwa hatua, wakitazama maji yanafika wapi na yanapungulia wapi. Mara nyingi mto hauna tatizo. Aidha mfereji umezibwa na matope, au mashamba ya juu yamefungua midomo mikubwa mno. Niliona kwamba nyumba ya Leeds haina tofauti na mfongo, ila mfereji wake umefichwa sakafuni.

Tulianza na mambo mepesi. Mshale wa geji ya boila ulisimama kwenye 1.2, na mfumo ukiwa umepoa kawaida huwa kati ya 1 na 1.5, maji basi yalitosha. Kisha tukazima mfumo na kutoa hewa, maana hewa hupanda na kukaa juu ya redieta ikazuia maji yasijae. Kuna ufunguo mdogo wa kazi hiyo. Ukiuzungusha hewa hutoka kwa sauti, na yakianza kutoka maji unafunga. Redieta za chini zilitoa maji mara moja. Ile ya chumba cha mtoto ilitoa hewa kidogo, kisha maji meusi kama wino. Tuliyakumbuka maji yale.

Baada ya hapo mkwe wangu aliwasha mfumo, nami nikachukua daftari nikachora jedwali kama la mahudhurio: redieta saba, na kwa kila moja bomba la kuingia, bomba la kutoka, sehemu ya juu na sehemu ya chini. Tulipita tukizigusa, kwa uangalifu maana nyingine huunguza. Nne za chini na ya bafuni zilikuwa moto kote. Ya chumba cha wazazi ilikuwa vuguvugu. Ya mtoto ilikuwa na bomba la kuingia lenye uvuguvugu, juu joto kidogo, chini baridi kabisa.

Jedwali la namna hii husema mengi. Redieta ikiwa baridi juu na moto chini, hewa imo. Ikiwa moto juu na baridi chini, hasa katikati, tope limelala ndani. Zilizo karibu zikiwa moto na za mbali zikiwa baridi, maji hayagawanywi sawa. Zote zikiwa vuguvugu huku boila ikipata moto haraka na kujizima kila mara, hapo ndipo pampu yenyewe hushukiwa kwa haki. Moja tu ikikataa, tazama vali yake: ukiondoa kichwa cha thamostati utaona kijiti kidogo, nacho ukikibonyeza sharti kirudi chenyewe. Vya kwetu vilirudi vizuri.

Likabaki jaribio moja la kukata shauri. Tulifunga redieta zote zilizokuwa moto, tukaacha mbili za ghorofani zilizolalamika. Ikiwa pampu imechoka, hizo mbili zitabaki hivyo hivyo. Ikiwa pampu ni nzima, maji yaliyozoea njia nyepesi hayatakuwa na pa kwenda ila huko. Haikupita robo saa, redieta ya wazazi ikawa moto kuanzia juu hadi chini. Ya mtoto ilipata moto juu tu. Chini ilibaki baridi. Pampu haikuwa na hatia. Tulikuwa na magonjwa mawili yenye dalili moja: mgawanyo mbaya, na tope.

Boila hatukuigusa. Kazi ya gesi huko ni ya mafundi walioandikishwa kisheria tu, na ni sheria nzuri. Lakini redieta mwenye nyumba anaweza kuishughulikia. Mkwe wangu alifunga vali zake mbili, akihesabu mizunguko ili airudishe ilivyokuwa, akakinga ndoo, akaifungua na kuitoa uani. Alipoingiza mpira wa maji lilitoka tope jeusi zito. Nilipolisogezea sumaku lilijikusanya na kunata, kwa kuwa ni kutu ya chuma kilicholiwa na maji miaka mingi. Baada ya kuirudisha tulitia dawa ya kuzuia kutu, tukajaza maji na kutoa hewa upya.

Mgawanyo ulichukua alasiri nzima. Kila redieta ina vali ya pili, iliyofunikwa kifuniko cha plastiki, na hiyo ndiyo mdomo wa mfereji. Tulizibana kidogo za chini, tukafungua kabisa za mbali, tukingoja nusu saa baada ya kila badiliko. Mafundi wa Uingereza kwa miaka mingi walilenga tofauti ya nyuzi kama 11 kati ya bomba la kuingia na la kutoka. Boila za sasa hufaidika na tofauti kubwa zaidi, hata nyuzi 20. Jioni ile sebule haikupungukiwa na kitu, na chumba cha mtoto kilifika nyuzi 19. Mama yake alikihamishia kitanda chake usiku huo huo.

Simlaumu sana yule fundi. Alisikia mlio, akataja chombo kinacholia. Walimu nasi huishi na kishawishi hicho hicho: mwanafunzi wa dawati la nyuma hajibu, tunasema hana akili, kabla hatujauliza kama sauti yetu inamfikia, au kama wa mbele wameimaliza yote. Pahali panapoonyesha upungufu si lazima pawe ndipo palipoharibika. Mwenye kutaka kujua kweli sharti aifuate njia yote, agusa kila hatua kwa mkono wake, aandike alichokiona, na afunge njia nyepesi kwa muda ili aone ile ngumu inaweza nini. Hilo halihitaji paundi 3,000. Linahitaji daftari, subira, na mtu aliye tayari kupiga magoti sakafuni.