Ya Wakubwa

Chupa ilisafiri kwa treni hadi Kigoma, kwa meli kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na kutoka hapo kwa pikipiki, siku baada ya siku, ikiwa imeviringishwa ndani ya vitenge viwili nilivyomnunulia mama. Ilikuwa chupa moja tu ya vodka, mililita 750, alkoholi asilimia 40. Niliilinda kuliko kompyuta yangu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anangoja matokeo ya mtihani wa Serikali, ule ambao Kongo nzima inauita Exetat, na nilikuwa nimejiahidi kwamba akifaulu nitawaandalia rafiki zangu wa shule kitu ambacho Lusangi haijawahi kukionja.

Kitu chenyewe nilijifunza bwenini Dar es Salaam, kutoka kwa mwenzangu wa chumba. Unamenya ndimu kwa kisu kikali, ganda la juu tu, jembamba, bila ile nyama nyeupe ya chini inayoleta uchungu. Maganda unayaloweka kwenye vodka siku mbili au tatu, mahali penye giza. Harufu ya ndimu imo ndani ya mafuta ya ganda, na mafuta hayo maji hayayawezi, lakini alkoholi huyayeyusha, hata maganda yanabaki makavu yanakatika kama karatasi. Kisha unachemsha sukari na maji kwa vipimo sawa, unaacha ipoe. Siku ya sherehe unakamua ndimu zile zilizobaki uchi, unachuja kwa kitambaa, unachanganya: vodka vipimo viwili, maji ya ndimu kimoja, maji ya sukari kimoja. Unanywa kidogo kidogo, kwa bilauri ndogo, kwa mkupuo mmoja. Dar tunaita shoti.

Kuna jambo moja katika mapishi haya nilikuwa nalijua ila sikulifikiria. Vodka iliyolowekwa maganda ni angavu, ya kijani hafifu. Ukiitia maji ya sukari, yale mafuta yanajitenga tena na kila kitu kinakuwa cheupe chenye ukungu. Kinafanana kabisa na maji ya ndimu ya kawaida, yale ambayo bibi yangu huwapa wageni.

Nyumba yetu ni ya Waislamu. Pombe haiingii. Si kwamba Lusangi haina pombe: lutuku ipo, ya muhogo na mahindi, na kila mtu anajua ni nyuma ya nyumba ya nani. Lakini nyumba ya babu ni nyumba ya babu. Mimi nilianza kunywa nikiwa chuoni, na nyumbani wanajua bila kuambiwa, kama wanavyojua mambo mengi. Mpango wangu ulikuwa majagi mawili: moja la familia na wageni wa barazani, ndimu na sukari tu, jingine la rafiki zangu, nyuma, karibu na jiko.

Ndimu nilichuma kwenye mti wa bibi. Alisimama karibu akinihesabia. Mti ule, alisema, mbegu yake ilitoka Kasongo zamani za Waungwana. Sikuwa na sababu ya kubisha. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis lilipouteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, aliandika katika kitabu chake cha 1897 kwamba walikuta bustani zenye mananasi, maembe, mapera, makomamanga, na machungwa ya aina mbili, matamu na machungu. Walikuta pia sukari na vyombo vya kioo. Huwa nayafikiria yale machungwa machungu. Kamusi zinayaita madanzi. Nani aliyabeba kutoka pwani, miezi kadhaa kwa miguu, msafara ukiwa umejaa bunduki na nguo, tunda ambalo halina hata utamu? Lakini yalibebwa, kama ilivyobebwa lugha ninayoiandikia hapa, iliyokuja kuitwa Kingwana kwa jina la watu wale wale. Waliotembea njia hiyo kurudi pwani wengi wao walikwenda wakiwa wamefungwa shingo. Bibi hasemi hayo anaposimulia habari ya mti.

“Ndimu zote hizi za nini?” aliuliza.

“Maji ya ndimu, bibi.”

Nilijitetea moyoni kwa elimu. Neno vodka, kwa Kirusi, ni udogo wa neno voda, yaani maji. Tungelitafsiri kwa kiambishi chetu cha udogo lingekuwa vijimaji. Wafaransa nao wanaita pombe kali maji ya uhai. Wiski, ukifuata asili yake ya Kigaeli, ni hivyo hivyo. Waarabu peke yao ndio walioita araki, yaani jasho, na aliyewahi kumwona mpishi wa lutuku akingoja matone yatoke kwenye bomba atakubali kwamba hao ndio waliotazama vizuri. Kwa hiyo, nilijiambia, maji ya ndimu si uongo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenikosoa: asili ya neno si maana yake.

Matokeo yalifika kwa simu, asubuhi. Asilimia 61. Kabla mama hajamaliza kupiga vigelegele, mdogo wangu alikuwa ameshamwagiwa poda kichwani, mabegani, hadi kwenye kope, kama tunavyofanya kwa kila aliyefaulu, akawa anakimbia uani mweupe kama mzimu huku watoto wakimfuata na makopo. Kufikia alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Majagi yangu yalikuwa yamepoa ndani ya mitungi. Bilauri ndogo hatukuwa nazo, basi nikachukua finjani za bibi, 12, zile za kahawa ya hitima na maulidi. Hilo nalo sikuliombea ruhusa. Nilijaza sita kwa jagi la kwanza, sita kwa jagi la pili, masinia mawili. Rafiki zangu walikuwa wananiita. Nikamwambia mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa:

“Chukua hili. Hili ni la wakubwa.”

Akalichukua kwa mikono miwili, kwa adabu yote, akalipeleka kwa wakubwa.

Dar es Salaam, ukisema kitu ni cha wakubwa, kila mtu anatabasamu. Kuna filamu za wakubwa, utani wa wakubwa, vinywaji vya wakubwa. Maana yake ni kwamba mtoto asiguse. Lusangi wakubwa ni watu. Wanakaa kwenye mkeka barazani, wanahudumiwa kwanza, na mtoto wa miaka tisa anaweza kukuonyesha kwa kidole ni akina nani. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika kazi juu ya polisemia katika Kiswahili, kurasa 14, na nikapata alama nzuri.

Niligundua nilipoonja sinia lililobaki kwangu. Lilikuwa tamu na la kitoto. Nilizunguka nyumba mbio.

Babu ana karibu miaka 80, na bado anawafundisha watoto Kurani kila alfajiri. Walikuwa wanne mkekani. Watatu walishika finjani zao wakimngoja yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na adabu hiyo ndiyo iliyowaokoa. Nilifika wakati anasema Bismillah, kwa sauti, na kuinua. Sikupiga kelele. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba kulikuwa na watu wengi na niliona aibu.

Alibaki nayo mdomoni. Uso haukubadilika. Akainuka, kwa taabu kama anavyoinuka siku hizi, akaenda hadi kwenye mchungwa, akatema, akachukua birika la udhu akasukutua, mara tatu, bila haraka. Aliporudi aliwaambia wenzake, “Imechacha hii, msinywe.” Akamgeukia mtoto: “Mrudishie yaya wako.” Wakaendelea na mazungumzo yao, kuhusu barabara nadhani.

Imechacha. Unaweza kulisema neno hilo juu ya maharage yaliyolala, na unaweza kulisema juu ya pombe. Alilichagua palepale, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kule nyuma rafiki zangu walikunywa shoti zao, wakasema ni tamu mno, kama dawa ya watoto, wakamtuma mtu lutuku. Mimi sikunywa.

Usiku aliniita. Kulikuwa na taa moja, na bibi alikuwa ndani, mlango wazi.

“Ulimwambia mtoto neno gani?”

“Nilimwambia ni la wakubwa, babu.”

Alifikiri. “Basi mtoto hakukosa.”

“Hakukosa.”

“Na bibi yako ulimwambia ni maji ya ndimu.”

Sikujibu. Aliniambia kwamba kuhusu yeye mwenyewe hana wasiwasi, Mungu anatazama nia, na asiyejua hajui. Halafu akasema, “Lakini mimi nilisema Bismillah juu yake. Hiyo Bismillah yangu uliiweka wapi?”

Bado sina jibu. Nimemuuliza hata mwalimu wangu wa pragmatiki, nikimsimulia kama kisa cha mtu mwingine, na alinieleza vizuri sana kuhusu masharti ya tendo-usemi kufanikiwa. Yote yalikuwa sahihi.

Bibi aliosha finjani zote 12, hata zile sita ambazo hazikuwa na kosa, kwa majivu na kwa maganda ya ndimu zile zile, kisha akazifudikiza kwenye kichanja zilale nje. Asubuhi aliwaletea watu kahawa. Wote walipata kwenye finjani. Yangu ilikuwa kwenye kikombe cha plastiki, cha buluu, kile cha kuogea watoto. Hakusema kitu nami sikusema. Ikawa hivyo siku 11.

Siku ya kuondoka pikipiki ilikuja kabla ya alfajiri. Dereva alikuwa anafunga mzigo wangu kwa mpira, mwepesi safari hii. Bibi alitoka jikoni na kahawa, akasimama nami gizani hadi nilipoimaliza. Ilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyopenda, na ilikuwa kwenye kikombe cha plastiki.