Afya Katika Utamaduni Wetu: Mafunzo Kutoka Ndanda

Linapotajwa neno utamaduni, fikira za wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago na mavazi. Sisi wenyeji wa kusini tuna sababu ya kufanya hivyo, kwani kinyago cha Mmakonde kimesafiri mbali kuliko Mmakonde mwenyewe. Lakini utamaduni wa watu haumo katika yale tu wanayowaonyesha wageni. Umo pia katika mtungi wa maji ulioko pembeni mwa nyumba, katika chungu kilichoinjikwa mekoni, na katika majani yanayochemshwa mtoto apatapo homa. Hayo ndiyo tunayokusudia kuyazungumza hapa: jinsi watu wa Ndanda, Masasi na Newala walivyojitunzia siha kwa maji, kwa chakula na kwa mitishamba, na ni kitu gani hasa katika hayo kinachostahili kurithiwa.

Tulizaliwa na kukulia Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Mvua inyeshayo juu ya uwanda huo si haba, ila udongo wake ni wa kichanga. Maji huzama upesi, hayatuami wala hayafanyi mito. Hushuka ndani ya ardhi, kisha hutokeza chini ya ukingo kama chemchemi. Ndanda ni mojawapo ya mahali palipobahatika kupata chemchemi za namna hiyo. Zilikuwapo kabla ya Wabenediktini kuweka misheni yao hapo mwaka 1906, na siku hizi maji ya Ndanda hutiwa hata katika chupa yakauzwa madukani.

Mgeni afikapo kwetu huuliza: ikiwa maji yako chini, mbona watu wengi walijenga juu? Wazee hujibu kwa hadithi ya asili ya Wamakonde. Hapo kale, husimulia, palikuwa na mtu aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa nywele. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani kwake, na usiku sanamu ile ikawa mwanamke. Wawili hao wakateremka hadi mto Ruvuma, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, akazaa tena mtoto mfu. Waliporudi uwandani, mtoto wa tatu akazaliwa, akaishi. Tangu hapo wahenga wakausia kwamba watu wasijenge mabondeni karibu na maji makubwa.

Mwanafunzi asiicheke hadithi hii. Wazee hawakujua kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria. Ronald Ross alilithibitisha jambo hilo kwa uchunguzi wake huko India mwaka 1897. Lakini waliona kwa macho yao ni wapi watoto walikufa na ni wapi walikua, wakayatia waliyoyaona katika hadithi ili yasisahauliwe. Wanahistoria huongeza sababu nyingine, nayo ni usalama: vichaka vizito vya uwandani viliwaficha watu wakati wa vita na biashara ya watumwa. Sababu zote mbili zaweza kuwa kweli.

Hata hivyo, siha hiyo ilikuwa na gharama, na walioilipa ni wanawake. Bibi yetu, mzaa mama, aliolewa akitoka upande wa Newala. Alitusimulia jinsi walivyoamka kabla ya jogoo kuwika, wakateremka genge kwa njia nyembamba, wakangoja zamu penye kisima, kisha wakapanda tena na mitungi vichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, naye aliandika juu ya taabu hiyo ya maji. Bibi alipohamia Ndanda, penye maji tele, hakuacha mazoea yake. Maji ya kuoshea mboga aliyamwagia mche wa mpapai. Mtoto aliyemwaga kata ya maji ovyo alikemewa kama aliyemwaga unga.

Serikali imejitahidi kuupunguza mzigo huo. Mradi wa kuyapandisha maji uwandani kwa pampu ulianza katika miaka ya 1950. Mwaka 1971 nchi yetu iliweka shabaha kwamba, ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Wafini nao walisaidia kwa miaka mingi kujenga visima na mabomba katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Shabaha ile haikufikiwa kwa wakati wake, na pampu ikiharibika ndoo hurudi kichwani. Basi tunapowahimiza watu wanywe maji ya kutosha kila siku, tukumbuke kwamba kwa mama wa uwandani huo si ushauri mwepesi. Ni hesabu ya miguu yake.

Ushauri wenyewe ni wa kweli. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu ni maji, na anayelima juani hupoteza mengi kwa jasho kabla hajahisi kiu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyoiva, mwili unadai. Hatari kubwa zaidi ni mtoto anayeharisha, kwani anaweza kukaukiwa maji kwa muda mfupi sana. Zamani baadhi ya watu walidhani mtoto huyo anyimwe kinywaji ili tumbo likauke. Elimu ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wananchi wapatao milioni mbili walipokusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, ilisaidia watu kuelewa magonjwa yatokanayo na maji machafu, kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa. Leo zahanati hutoa pakiti za chumvichumvi. Pakiti ikikosekana, kila mwanafunzi ajue kipimo hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kipimo kisizidishwe kwa kukisia, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto yule yule tunayetaka kumwokoa.

Tukitoka mtungini tuingie jikoni. Kampeni nyingine ya redio, Chakula ni Uhai, iliendeshwa mwaka 1975. Wazee wetu wangeweza kuifundisha sehemu yake wao wenyewe. Mbaazi, kunde na njugu mawe ziliujenga mwili pasipo nyama. Kisamvu kililiwa karibu kila nyumba. Ubuyu, ukwaju na mabibo ya mikorosho viliwapa watoto vitamini C ingawa hakuna aliyelijua jina hilo. Wakati wa kiangazi watu waliingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni ambavyo mpaka leo huchemshwa na kuuzwa katika masoko yetu. Mtama ulisagwa pamoja na maganda yake laini. Nafaka kamili namna hiyo ndiyo madaktari wanayotuhimiza leo, baada ya sembe nyeupe kuizoesha midomo yetu ulaini.

Lakini wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Chakula cha asili nacho kimeundwa, na mfano wake mkubwa ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ndani yake, nayo ni ya asili kabisa. Hakuna kiwanda kilichoitia. Mababu zetu walijifunza kuimenya mizizi, kuianika juani kwa majuma ili iwe makopa, na ndipo waitwange unga. Kisamvu nacho walikitwanga sana, wakakichemsha muda mrefu. "Wajukuu zangu," bibi alikuwa akituambia tulipomsumbua kwa njaa, "muhogo mchungu hauna haraka."

Mwaka 1988 ukame uliikumba sehemu ya wilaya ya Masasi. Ghala zilikuwa tupu, na watu hawakuweza kungoja majuma. Wakaanza kuutwanga muhogo mbichi, kuuanika, kuutwanga tena na kuuanika, ili wapate unga siku ile ile. Wengi walioula ugali huo wakaugua kwa sumu. Wataalamu waliochunguza waligundua kwamba muda wa kutayarisha ulikuwa umefupishwa mno. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, ugonjwa uitwao konzo, ambao huipooza miguu ghafla na haiponi, uliripotiwa katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma, tena kwa watu waliokula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha huku wakikosa vyakula vya kujenga mwili. Hatuwalaumu watu hao. Njaa ndiyo iliyowaharakisha. Lakini tunaona wazi kwamba kilichomlinda mtu hakikuwa muhogo, bali maarifa ya kuutayarisha.

Maarifa hayo yanaweza pia kuongezwa. Imejaribiwa nchini Msumbiji na hapa kwetu njia rahisi ya kuupunguzia unga wa muhogo sumu iliyobaki: unga huchanganywa na maji, hutandazwa juu ya ungo au mkeka uwe tabaka jembamba, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu hutoka hewani. Kisha ugali husongwa kama kawaida. Hakuna chombo kipya kinachohitajika. Kinachohitajika ni maji na subira.

Mazungumzo haya yatupeleke sasa kwenye mitishamba, ambako maneno ya asili hutumiwa kwa wingi na pengine kwa hila. Muuzaji hupanga chupa zake stendi akanadi kwamba dawa yake haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Muhogo umekwisha kumjibu. Tena tukichunguza, vingi tunavyoviita vya asili vilitoka mbali. Muhogo na mkorosho vilikuja kutoka Amerika ya Kusini. Mlonge na mwarobaini asili yake ni upande wa Bara Hindi, ingawa jina la mwarobaini, mti unaosadikiwa kutibu maradhi arobaini, ni letu wenyewe. Vilivyofanywa vyetu ni ujuzi: ni jani au gome, lichumwe lini, lichemshwe kiasi gani, na nani asipewe. Mganga wa kweli tuliyemjua utotoni hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza umri wa mgonjwa, akauliza kama mama ni mjamzito, akapima kwa kiganja. Baadhi ya wagonjwa aliwaelekeza hospitali.

Taifa limeutambua ujuzi huo. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikua kikawa taasisi, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini mfano ulio mkubwa zaidi tunaupata China. Bibi Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichoeleza kwamba mmea fulani wa pakanga ulowekwe majini na kukamuliwa. Hakikusema uchemshwe. Akafahamu kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akabadili njia yake, na mwaka 1972 dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunazopewa katika zahanati zetu leo zimetokana na ugunduzi huo.

Hebu walimu watazame vizuri kisa hicho. Mmea peke yake haukutosha, maana ulikuwa ukijulikana siku zote. Kilichofungua mlango ni sentensi moja iliyoandikwa juu ya namna ya kuutayarisha. Je, sentensi za namna hiyo za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ziko wapi? Nyingi zimo vichwani mwa wazee, nao wanatuaga mmoja mmoja. Vijana wetu wanalikumbuka jina la mti, wamesahau kipimo. Nusu hiyo ya elimu ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu humpa mtu ujasiri bila tahadhari.

Tunapendekeza basi kazi ambayo shule yoyote ya sekondari inaiweza. Kila mwanafunzi, wakati wa likizo, amwendee mzee mmoja kwa adabu, aombe kufundishwa mmea mmoja au chakula kimoja. Aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, sehemu itumikayo, majira ya kuchumwa, jinsi ya kutayarisha na muda wake, kipimo, na watu wanaokatazwa. Asionje wala asimpe mtu, kwa kuwa kazi yake ni kuandika. Mwalimu wa elimu ya viumbe akaushe tawi la mmea huo katikati ya magazeti, alibandike pamoja na maelezo, na jina la mzee liandikwe chini kama linavyoandikwa jina la mtunzi. Daftari likijaa, wataalamu watakuwa na mahali pa kuanzia, na wajukuu wa wazee hao watajua kwamba makopa huanikwa kwa majuma, na sababu yake wataijua pia.